Barua kwa mwanangu: futa sentensi ile ya ukurasa wa tatu

Mwanangu Rehema,

Rasimu yako juu ya kitabu cha Stevenson, "Dr Jekyll na Mr Hyde", imefika na nimeisoma yote. Lugha umeimudu, tena vizuri kuliko nilivyotarajia. Ila ukurasa wa tatu umeandika kwamba Jekyll, yule daktari, ni wema, na Hyde, mtu anayegeuka kuwa yeye akinywa dawa yake, ni uovu. Futa. Ukiingia nayo mbele ya watahini, swali moja tu litakumaliza: kama Jekyll ni wema, ile dawa aliichanganya nani, na alikuwa akitafuta nini?

Rudi sura ya kumi, ya maungamo. Wengi huijua hadithi hii kwa filamu, wakifika hapo wanaipitia juu juu. Jekyll mwenyewe anakiri kwamba Hyde peke yake ndiye uovu mtupu. Yeye alibaki mchanganyiko uleule wa zamani. Kwa hiyo mizani haijakaa sawa: huku ubaya mtupu, huku mtu mwenye yote mawili. Anasema dawa haikuwa ya shetani wala ya Mungu, ilitikisa tu milango ya gereza la nafsi yake, ukatoka uovu uliokuwa macho. Angeinywa kwa nia bora, angetoka malaika. Hoja yako iko hapo, nawe umeiruka!

Sasa chukua kalamu mbili za rangi. Kila Jekyll anapotaja matendo ya Hyde, "mimi" ipigie mstari mwekundu na "yeye" wa buluu. Mauaji ya Sir Danvers Carew, mzee aliyeuawa na Hyde, anayasimulia kwa "mimi", tena kwa furaha. Baadaye, Hyde akizunguka London usiku ndani ya gari la kukodi, ghafla anaandika "yeye", na anaongeza kwamba hawezi kusema "mimi". Usiseme tu kwamba nafsi imegawanyika. Onyesha ni wapi anajitenga na Hyde, na kujitenga huko kunamfaa nini. Usisahau Guest, karani wa Utterson, wakili wa Jekyll: analinganisha mwandiko wa Hyde na wa Jekyll, anakuta ni mkono mmoja, ila herufi zimelazwa tofauti. Ushahidi huo unatosha aya nzima.

Brodie wa Edinburgh, aliyekuwa mtu wa kweli, mpe mistari miwili, basi. Fundi seremala wa heshima mchana, mwizi usiku, akanyongwa 1788. Stevenson alizaliwa mji huohuo 1850, na nyumbani kwao kulikuwa na kabati la Brodie. Ni kitoweo tu, usikifanye ugali.

Nadhani najua kosa limetoka wapi. Umemsoma Stevenson kama unavyomsoma Shaaban Robert. Katika "Adili na Nduguze" kila tabia imepewa mwili wake na jina lake: Adili, Hasidi, Mwivu. Ndugu wale wawili wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Pale msomaji anajua nani ni nani tangu jina. Katika kitabu cha 1886 hakuna usalama huo, na ukimgeuza Jekyll kuwa Adili umeua kitabu. Ukitaka kuvilinganisha, sawa, lakini linganisha tofauti hiyo.

Nimekwambia na narudia: Jekyll si mtu mwema. Usinijibu kwamba msimamizi ameipitisha. Msimamizi ana wanafunzi wengi.

Huku upepo uling'oa bati za jikoni. Kaka yako ndiye aliyepanda kuzipigilia, na misumari kanunua kwa hela yake. Nakueleza kwa sababu humu ndani mmoja ameitwa mtoto mwema na mwingine mtukutu tangu mkiwa wadogo, na majina hayo hamkujipa wenyewe. Mpigie, mshukuru.

Mbuzi mweupe amezaa pacha. Nauli nitakutumia Ijumaa kwa simu, usikope kwa wenzako. Kuchapisha kachapishie steshenari ya nje, ya chuoni wanakamua. Nitumie kwanza ukurasa wa tatu, mwingine utasubiri.

Mama