Kwa Afande Drani, juu ya kutoka nje usiku

Jinja

Ndugu yangu Afande Drani,

Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu, ambacho tutakigombania tukionana. Sisi hatujambo. Nimeshika kalamu kwa sababu ya habari aliyonipa Wani aliporudi kutoka Arua, ya kwamba katika matanga ya Mzee Asuman ulitoka nje usiku kucha, ukakawia huko gizani, na kila ulipoulizwa ukajibu kuwa ni baridi. Baridi ya Arua, afande?

Safari hiyo naijua, kwa maana nami nimo. Mkojo husita kabla ya kuanza, hutoka kwa unyonge, hukatika, kisha huachia matone baada ya mtu kufunga zipu. Daktari alinieleza kwamba tezi dume iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo, kwa hiyo inapokua kwa sababu ya umri huubana mrija huo. Ukuaji huo si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Lakini kwa dalili peke yake huwezi kujua kama una ukuaji huo au saratani, na hapo ndipo penye hofu yangu, kwani saratani ya tezi dume huweza kukaa kimya mwanzoni, nayo inaongoza miongoni mwa saratani za wanaume hapa Uganda. Marehemu kaka yako aliondoka nayo, na mtu ambaye baba au ndugu yake wa damu aliiugua, hatari yake huwa takriban mara mbili.

Nasikia unakunywa maganda ya mti kutoka Mlima Elgon. Sina ugomvi na mti huo. Ulaya nako hutengeneza vidonge vya tezi kutokana na maganda yake, na ukatwaji ulizidi hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti tangu mwaka 1995. Ninachosema ni kwamba ukipata nafuu, nafuu hiyo haitakuambia kama saratani ipo au haipo. Kapimwe damu, kile kipimo cha PSA, yaani protini inayotoka kwenye tezi dume, ambacho kikiwa juu si hukumu, kwa kuwa maambukizi ya mkojo na tezi iliyokua tu hukipandisha pia. Kipimo cha kidole nacho, daktari anapoipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, kisikutishe, wewe uliyevua nguo zote mbele ya daktari wa jeshi siku ya kuandikishwa.

Mimi natumia tamsulosini, inayolegeza misuli ya shingo ya kibofu, ingawa nikiinuka ghafla kichwa huzunguka. Jihadhari na vidonge vya mafua vya dukani, maana baadhi yake huweza kufunga mkojo kabisa, kama ilivyomfika Juma. Mkojo ukifunga, usingoje kuche, kimbilia hospitali wakuwekee mpira wa kutolea mkojo.

Sasa nijibu. Umewahi kuona damu katika mkojo? Mkojo unachoma? Mifupa ya mgongo au nyonga inauma? Mama Rehema anajua, au naye umemwambia ni baridi? Utaanzia hapo hospitali ya rufaa ya Arua, au uje nikusindikize hospitali ya Mulago, Kampala? Andika kwa mkono wako, usimtume Wani, kwa sababu habari ikipita kwake hufika imenenepa.

Wako,
Sajini mstaafu Kassim