Barua kwa Mwanangu: Shada Lifuate Majira

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Unguja tu wazima, na uani asumini imeshika matumba kwa wingi kwa kuwa kaskazi imekwisha kuingia. Barua yako niliipata, nami nimesikitika kusoma kwamba mawaridi uliyoagiza kwa ajili ya harusi yalikufikia yakiwa yameinamisha vichwa, na kwamba aliyekuuzia hataki hata kusikia habari ya kukurudishia fedha. Fedha hizo zihesabu zimekwenda. Ninalotaka tulizungumze ni lile uliloandika mwishoni, kwamba kazi ya mashada haiwezekani pasipo maua ya kuletwa kwa ndege.

Waridi la dukani lina kwao. Kule Naivasha, nchini Kenya, ambako ziwa liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari na si mbali na ikweta, jua halibadiliki sana mwaka mzima na usiku una ubaridi, kwa hiyo mkulima huchuma Januari kama anavyochuma Julai. Wanaozalisha aina mpya wamechagua kwa miaka mingi waridi lenye shina refu na lenye kudumu majini, na katika kuchagua huko harufu ikaachwa nyuma. Sikatai kwamba ni zuri. Ila mteja aliyelizoea hudhani kila ua liko hivyo, ndipo akutake asumini ya kipupwe iwe nyingi kama ya kaskazi, nawe kwa haya ukamkubalia.

Anza na kaskazi, maana ndipo tulipo. Joto la miezi hii ndilo linaloizalisha asumini, na shada la bibi harusi linaweza kuwa jeupe tupu bila kununua hata ua moja la mbali. Tumba litakalochanua jioni hujulikana tangu asubuhi: limenenepa na kuwa jeupe, ilhali lenye ukijani linahitaji siku nyingine. Lichume alfajiri, ulitandaze juu ya kitambaa kibichi kilichokamuliwa, wala usilimwagie maji, kwani hugeuka rangi ya kahawia kabla ya magharibi. Bibi yako alikuwa akitunga kwa uzi wa mgomba, na kikuba chake, kile kishada kidogo cha asumini, mrehani na vipande vya mkadi, kilinukia chumbani mpaka siku ya pili. Sijui kwa nini nyinyi vijana mmekiacha kikuba kiwe cha kina mama peke yao. Kikuze ukubwa, kifunge kwa ukindu badala ya utepe wa plastiki, na hilo tayari ni shada ambalo hakuna anayeweza kukuletea kutoka nje.

Utaniambia kwamba asumini nayo asili yake ni Asia, na langilangi vilevile. Ni kweli, ingawa zimekaa nasi muda mrefu kiasi cha kuhesabiwa jamaa. Basi masika yakifika nikuoneshe yale ambayo hayakuletwa na mtu. Lile ua jekundu lenye kingo za manjano zilizojikunja kama ndimi za moto, ambalo ulikuwa ukiliona vichakani ukienda shambani kwa babu yako, huota lenyewe mvua zinyeshapo na kujificha ardhini kiangazi. Linadumu vizuri katika chombo cha maji, na ua moja linatosha kuchangamsha shada zima la majani. Lakini kiazi chake ni sumu kali, kwa hiyo ukilipanda liwe mbali na watoto, na anayekukatia anawe mikono. Yungiyungi la buluu nalo hujaa mabwawani wakati huo, na aina yake mojawapo imepewa na wanasayansi jina la Zanzibar. Hilo usimpe bibi harusi wa usiku, maana hufumba alasiri, na utaulizwa mbona umeleta matumba. Liweke kwa nikahi ya asubuhi, kwenye bakuli pana, si mkononi.

Kipupwe ni kigumu, sikufichi. Asumini hupungua, na utategemea mrehani, ambao ukimwagiliwa na kukatwa vichwa hautaki majira, pamoja na majani ya mkindu. Mteja wa Julai mwambie hivyo mapema, na umtoze kwa kazi ya mikono. Vuli ikianza, mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, utawaka njia nzima, nao pia ni mgeni wa kutoka Bukini, yaani Madagaska. Usishawishike kuukata, kwani petali zake hudondoka kabla hujafika ukumbini.

Nimekupandia miche minane ya asumini kando ya kisima, na mkadi nimeuachia nafasi. Boti ya kuja huko Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, kwa hiyo matumba niliyochuma alfajiri yatakufikia yakiwa bado yamefumba. Niandikie tarehe za harusi ulizokwisha kuzikubali mpaka mwisho wa Februari, na mbele ya kila moja uniandikie kama ni ya mchana au ya usiku, nipate kujua nichume kiasi gani na nikupakilie ndani ya pakacha lipi.

Wasalaam,
Mama yako