Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Swali lililotawala vikao vyetu mwaka huu ni hili: mbona saratani inazidi kuongezeka, na huku tunaambiwa tiba imeboreka? Yote mawili ni kweli. Makadirio ya dunia ya mwaka 2022 yanaonyesha kuwa mtu mmoja kati ya watano hupata saratani maishani mwake. Nchini Uingereza, watafiti walikadiria mwaka 2015 kuwa kwa waliozaliwa baada ya 1960 itakuwa mmoja kati ya wawili. Sababu kubwa ni umri. Kasoro hujilimbikiza kwenye seli mwaka baada ya mwaka, na wengi ambao zamani wangekufa mapema kwa maradhi mengine sasa wanafika miaka 70 na 80. Tumbaku, pombe na unene navyo vinachangia, tusivifichie siri.

Huko huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne aliyeishi miaka 10 au zaidi baada ya kugunduliwa. Kufikia 2010 walikuwa nusu. Saratani ya kongosho bado inatuumiza sana. Lakini watoto wengi wenye saratani ya damu leo wanapona, pale dawa zinapopatikana. Pasipo dawa, mtoto yule yule anakufa, na hilo halivumiliki.

Kwa hiyo waliomaliza matibabu wanaongezeka, na kazi yetu haiwezi tena kuishia wodini. Mwanachama mmoja alisimama kikaoni akasema, "Nimeambiwa nimepona, namshukuru Mungu, lakini nikipanda ngazi nahema." Hakuwa akideka. Baadhi ya dawa za saratani huweza kudhoofisha moyo hata miaka mingi baadaye, na daktari mgeni asiyejua ulichotibiwa nacho anaweza kudhani ni uchovu tu.

Ndiyo maana kamati imeanza kumhimiza kila anayemaliza matibabu aombe muhtasari wa maandishi: aina ya saratani na hatua yake, majina ya dawa na kiasi alichopewa, sehemu zilizopigwa mionzi, na vipimo vya kufuatilia pamoja na tarehe zake. Wengine wanaona haya kumsumbua daktari. Jamani, ombeni, na nakala moja ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mwaka ujao tunahitaji wanachama wa kuwasindikiza wenzetu kliniki. Anayeweza ajiandikishe kwa katibu kabla ya kikao kufungwa.

Mwenyekiti