Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kitabu cha Jaji O'Neall na Namna ya Kukitumia

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, naleta kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe. Mwaka mzima tumekaa na kitabu kimoja, kumbukumbu za wilaya ya Newberry, jimbo la South Carolina, Marekani, alizoziandika Jaji John Belton O'Neall na kuchapishwa Charleston mwaka 1859. Kitabu hiki ni hazina, ila kinadanganya anayekisoma kwa haraka.

Kwa wanachama wapya: O'Neall alizaliwa 1793 karibu na mto Bush, katika jamii ya Wakwekeri, Wakristo wale ambao magharibi ya Kenya wanaitwa Marafiki tangu misheni ya Kaimosi ya 1902. Alianza uwakili 1814, akawa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, akapewa ujaji 1828, na alipofariki Desemba 1863 alikuwa Jaji Mkuu. Aliongoza pia kampeni ya kupinga ulevi na kampuni ya reli ya Greenville na Columbia.

Anayetaka kumjua mtu huyu asome hukumu zake za 1834. Katika kesi ya M'Cready dhidi ya Hunt, yeye na Jaji Johnson walikataa kiapo cha utii kwa jimbo walichotakiwa kula maofisa wa mgambo. Wanasiasa walikasirika, na mwaka uliofuata mahakama yao ya rufaa ikavunjwa. Mwaka ule ule wa 1834, katika kesi ya Maner, aliandika kwamba kumpiga mtumwa si kosa la shambulio kwa sheria ya kimila ya Kiingereza, kwa kuwa mtumwa kwa kawaida huhesabiwa kama mali. Mwaka 1848 alitoa kijitabu kuhusu sheria za watu weusi, akaomba ifutwe sheria iliyozuia watumwa kufundishwa kusoma. Naye mwenyewe alimiliki watumwa. Mambo haya yote ni ya mtu mmoja, na chama kisiyatenganishe kila kinapomtaja.

Sasa kitabu. Mahakamani jaji huyu asingepokea ushahidi wa kuambiwa. Kitabuni aliupokea kwa mikono miwili: sehemu kubwa ni maneno ya wazee. Kwa hiyo kila aya tunaiuliza swali moja: je, jaji alikuwepo?

Chukueni habari ya Wakwekeri wa Bush. Anasimulia kwamba mhubiri Zachary Dicks alipita kati ya 1800 na 1804, akawaonya waondoke katika nchi ya utumwa, wakaingiwa na hofu, na kufikia 1807 wengi walikuwa wamehamia Ohio. Anasema ardhi ambayo baadaye iliweza kuuzwa dola 10 hadi 20 kwa eka, wao waliiuza kwa dola 3 hadi 6. Mwandishi alikuwa mtoto wa miaka 7 hadi 14. Kuondoka kwa majirani aliweza kukuona. Bei za mashamba ni za kuambiwa. Basi tusiandike bei hizo kama ukweli kabla ya kufungua hati za mauzo ya mashamba. Njia ni fupi: tafuta hati, gawanya fedha kwa eka, ulinganishe na alichosema.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hati za zamani za jimbo hili huja mbili mbili: ya kwanza ni ya kukodisha, kwa shilingi chache tu, ya pili, ya kesho yake, ndiyo yenye bei ya kweli. Ukishika ya kwanza peke yake utadhani shamba zima limetolewa bure. Hati zilizoandikwa kwa pauni, baada ya vita vya uhuru, zigeuzwe kwa hesabu ya jimbo lile: dola 1 ni shilingi 4 na peni 8. Na ukikosa hati ya kabla ya 1785 Newberry usishangae, kwa sababu kaunti ilikuwa haijaundwa. Hati zilisajiliwa Charleston.

Tarehe nazo zina mtego wake. Wakwekeri waliandika miezi kwa namba, na kabla ya 1752 mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi. Sisi tusioshangaa kwamba Mfungo Mosi si Muharamu tusingepaswa kunaswa hapa, lakini makosa ya namna hii yalijitokeza katika nakala zetu, hasa kwa wazee waliozaliwa Pennsylvania kabla ya kuhamia kusini.

Angalieni pia toleo. Lile la 1892 lina sehemu mbili, na ya pili ni ya John A. Chapman. Msimtwike jaji maneno yaliyoandikwa miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Pengo kubwa kuliko yote ni la watumwa. Kitabu kimejaa koo za wazungu, na waliowalimia pamba wanapita bila majina. Sensa za 1850 na 1860 hazisaidii sana: chini ya jina la mmiliki kila mtumwa ni mstari mmoja wenye umri, jinsia na rangi, jina hakuna. Majina yamo katika wosia, orodha za mali za marehemu na hati za mauzo, kisha, utumwa ukiwa umekomeshwa, yanatokea pamoja na ya ukoo katika sensa ya 1870. Kazi ifanyike kwa kurudi nyuma: anza na familia ya 1870, tazama wazungu wenye mali walioishi jirani, halafu fungua mirathi yao. Jina la ukoo la familia na la mmiliki wa mwisho mara nyingi hayafanani, hivyo usikate tamaa mapema.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuanze na orodha za mali za kabla ya 1865. Kila jina linakiliwe kama lilivyoandikwa, hata kama tahajia ni mbovu, pamoja na umri, thamani iliyotajwa na namba ya ukurasa. Fomu zipo kwa katibu.