Bingwa wa tufe na jiwe letu la Masasi

Mhariri,

Naomba nafasi nimzungumzie Valerie Adams wa New Zealand, mrusha tufe ambaye wanafunzi wangu wa kike hapa Masasi hawakuwa wamemsikia hadi nilipowasimulia habari zake chini ya mkorosho, baada ya mazoezi.

Alizaliwa Rotorua mwaka 1984, na mama yake, mwenye asili ya visiwa vya Tonga, alifariki dunia binti akiwa bado kijana mdogo. Alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 2007 hadi 2013, pamoja na dhahabu ya Olimpiki ya Beijing 2008. La London 2012 ndilo linaloniuma: aliondoka uwanjani na medali ya fedha, kisha Nadzeya Ostapchuk wa Belarusi, aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza, akabainika kutumia dawa zilizokatazwa, na Adams akavishwa dhahabu yake Auckland, mbali na jukwaa alilostahili. Baada ya kujifungua watoto wawili, alirudi akapata shaba Tokyo mwaka 2021.

Wasichana wangu hurusha jiwe tulilolipima kwenye mizani ya korosho hadi tukapata linalokaribia kilo 4, uzito wa tufe la wanawake, ndani ya duara la majivu. Jiwe hilo hukwaruza shingo, na mmoja wao hulifunga kipande cha kanga kabla ya kurusha. Nawasihi wanaonunulia shule zetu mipira ya soka wanunue pia matufe, hata mawili tu.

Mwalimu wa michezo,
Masasi, Mtwara