Kabla Hujaiuza Mashua

Langoni, Lamu

Sahibu yangu Athumani,

Salaam aleikum. Barua yako nimeisoma peke yangu wenzangu walipokwisha ondoka barazani. Usinione haya. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa sita.

Waniuliza kama ni kweli ile mashine ya mawimbi ya sauti waliyokusifia Mombasa humfanya jogoo apande tena mtungi, na kama uuze mashua uilipie. Mashine si uzushi. Asili yake ni ile ya kuvunja mawe ya figo, iliyotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza Munich mwaka 1980. Hii ya uume mawimbi yake yamepunguzwa nguvu sana, hata ganzi haihitajiki. Kichwa cha mashine huwekwa juu ya ngozi, kikapigapiga, na tumaini ni kwamba mwili utachokozeka uoteshe vijishipa vipya vya damu. Mwaka 2010 daktari Yoram Vardi na wenzake kule Haifa, Israeli, waliwatibu hivyo wanaume 20, mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, wakawapumzisha wiki tatu, kisha wakarudia. Wengi walipata nafuu. Lakini wote hao tatizo lao lilikuwa la mishipa ya damu, na vidonge vya nguvu za kiume vilikuwa vikiwasaidia tangu hapo. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kiliandika mwaka 2018 kwamba tiba hii ihesabiwe bado ya majaribio. Wa Ulaya wamelegeza kidogo. Sasa wewe uuze mashua kwa jambo la majaribio?

Tena kuna mashine zinazofanana nayo kwa sura tu: msukumo wake huishia juu juu, hauzami ndani. Muuzaji hatakwambia.

Linalonikera zaidi ni hili: barua nzima hukutaja sukari. Babako alikuwa nayo. Kiu unayo, usiku waamka kwenda msalani, wadhani ni uzee? Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana mara nyingi huanza kuziba mapema, miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Nenda hospitali ya serikali hapo Malindi wakupime sukari, presha na mafuta ya damu. Na uwatajie dawa zote unazotumia, maana vidonge vya nguvu za kiume, sildenafil na jamaa zake, vikikutana na zile dawa za moyo za kuweka chini ya ulimi, presha huporomoka ukafa. Usivinunue kwa mtu wa mkobani.

Supu ya pweza endelea nayo, ni tamu. Mishipa haizibui.

Shemeji mwambie, mwende wote. Yeye atakumbuka maneno ya daktari, wewe nakujua. Sukari wapime asubuhi kabla hujafungua kinywa, unitumie namba kama ilivyo, usiipunguze kunifurahisha.

Wako,
Mbarak