Barua kwa mwanangu: usimimine spiriti

Mwanangu,

Mama yako kaniambia Jumatatu unaanza mazoezi ya kufundisha, na kipindi cha kwanza unataka kuwawashia watoto moto wa rangi kwenye visahani vya spiriti. Sikulala. Mwali wa methanoli, ndiyo hiyo spiriti yako, mchana karibu hauonekani. Unadhani kisahani kimezimika, unainua chupa uongeze, moto unarudi mpaka ndani ya chupa, nayo inautema kwa waliokaa mbele. Usimimine, mama.

Tumia waya. Uchovye kwenye asidi hidrokloriki, uuchome mpaka usitoe rangi, ndipo uguse chumvi ya kila metali. Wataona yote: lithiamu nyekundu, shaba kijani, potasiamu zambarau hafifu. Potasiamu itakusumbua, maana sodiamu kidogo tu, hata ya jasho la kidole chako, inaifunika kwa manjano. Waitazame kupitia kioo cha buluu cha kobalti. Na usiwaambie "elektroni zinasisimka" ukaishia hapo. Joto linaipandisha elektroni ngazi ya juu. Ikishuka, inachorudisha ndio mwanga. Ngazi za shaba hazilingani na za sodiamu, basi na rangi hazifanani. Wanasayansi Bunsen na Kirchhoff kule Heidelberg, Ujerumani, waliigundua metali ya sesiamu mwaka 1860 kwenye maji ya chemchemi, kwa mistari miwili tu ya buluu kwenye mwanga wa mwali. Hawakuhitaji kumimina spiriti mbele ya watoto.

Ukoo mzima mwalimu ni wewe peke yako. Mimi nilikuwa muosha vyombo vya maabara. Lakini miezi miwili hupigi simu, habari zako nizipate jikoni?

Lile kovu la mkono wangu, nilikwambia ni mafuta ya maandazi. Mimi maandazi nimekaanga lini? Muulize mama yako. Bahati watoto walikuwa mapumziko.

Jiko letu la gesi sasa linawaka manjano. Wali ukifurika naelewa, ni sodiamu ya chumvi. Hili linawaka hivyo hata bila kitu juu, na sufuria zimejaa masizi. Fundi anakuja kesho kuzibua vitundu. Mdogo wako nimemkuta nyuma ya choo anachoma nyaya akauze shaba kwa watu wa vyuma chakavu, anashangilia moto wa kijani huku anavuta moshi wa plastiki. Mpigie wewe, mimi hanisikii.

Nimekutumia elfu ishirini ya waya wa nikromu. Chupa ya spiriti ifungie kabatini kabla hujawasha kiberiti, ufunguo ukae mfukoni mwako.

Baba yako